Jiwe la Kungojea, Chini ya Tangi

Sabuni ya kipande, mawe mabichi, na ule ukijani unaoota mahali maji hayakauki. Harufu hiyo ikinipata nakasirika kwanza, halafu ndipo nakumbuka kwa nini.

Jumamosi iliyopita ilinipata nikiwa nimesimama kwa geti la ploti ya vyumba vya kupanga anapokaa Anti Rose, mtaa wa Langas, nimemshika binti yangu Precious mkono. Ndani ya mkoba nilikuwa na kitambulisho na picha za paspoti. Nilikuja kumpa Anti vitu hivyo ampelekee wakala mmoja anayejuana naye, wa kupeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Precious angebaki na Anti. Nilikuwa nimemwambia tunaenda kutembea tu, na alikuwa amevaa viatu vya kanisa.

Uani kulikuwa na kelele ya chuma. Mwenye ploti ameamua kuangusha mnara wa tangi la maji ili aongeze vyumba, na fundi aliyeitwa kuukata ni ndugu yangu Brayo, ambaye ana kibanda cha kuchomelea kule Huruma. Cheche zilikuwa zinaruka. Chini ya mnara, palepale lilipokuwa zamani, kulikuwa na lile jiwe la kufulia, pana kama meza, limelainika katikati kwa kusuguliwa.

Nyinyi wenzangu mliokulia kwa ploti mnajua kila ploti ilikuwa na mchezo wake. Wetu uliitwa Tangini.

Mama aliuanzisha. Alikuwa akifulia watu nguo kwa hilo jiwe, na sisi tukitoka shule alituweka hapo karibu ili asituite kila saa. Baba hatukuwa naye, na sitampotezea wino. Mama alisugua kola za mashati ya watu huku akisema, bila kuinua kichwa, "Mmefika mtoni. Mto umejaa na ng'ambo kuna moshi. Mnafanya nini?" Basi. Mnafanya nini. Kila mtu alisema anachofanya, na Mama aliamua kama imewezekana. Akisugua polepole, tulijua tuko salama. Akianza kusugua kwa nguvu mpaka povu linaruka, tulijua kuna kitu kinakuja, na Brayo alinishika sketi.

Kila mmoja wetu alikuwa kifuniko cha soda kilichopakwa rangi ya kucha, na kila mmoja alikuwa na nguvu yake moja. Mimi niliongea na mito. Jebet, mtoto wa jirani yetu aliyeuza maziwa, alinusa uongo, na alikuwa mkali kweli. Hakuna mfalme aliyetudanganya Jebet akiwepo. Brayo, ambaye ndiye alikuwa mdogo kuliko sote, alikuwa Mbeba. Alibeba kitu chochote alichokipenda, hata kiwe kizito namna gani. Siku moja alibeba mlima. Mama alimuuliza, "Unaupenda kweli?" Brayo akasema, "Naupenda sana, uko na mbuzi." Mama akacheka mpaka akaangusha shati la mtu kwa matope, akalifua upya.

Mama mwenyewe alikuwa kifuniko chekundu. Jina lake lilikuwa Daraja. Tukikwama, alilala chini akawa daraja, tukapita juu yake.

Kwa Tangini hakuna aliyekufa. Ukishindwa ulienda kukaa juu ya jiwe, wewe mwenyewe na matako yako, mpaka mwenzako aje akukalie kando na akuite jina mpaka uitike. Hakukuwa na njia nyingine. Na jioni mchezo haukufungwa hivihivi. Mama aliita kila jina, moja moja, na kila mtu aliitika "Nimerudi." Halafu aliuliza, "Nani bado?" Tukisema hakuna, alisema, "Basi mchezo umefungwa. Nendeni mnawe mikono." Ukiwa bado uko kwa jiwe, mchezo hauwezi kufungwa, hata kama ugali unaungua.

Halafu Mama akaenda Uarabuni. Anti Rose, dada yake, alihamia chumba chetu na mtoto wake Dan. Asubuhi ya kuondoka Mama alipiga magoti hapo kwa jiwe akatuambia, "Mkifunga mchezo, mniite. Nitaitika nikiwa huko." Tukafanya hivyo. Kila jioni Jebet aliita "Daraja!" na sisi tukaitika kwa niaba yake, "Yuko njiani." Kila Ijumaa Mama alipiga simu kwa Anti, na Brayo alimwambia tulipofika, kama tumevuka msitu, kama yule mfalme ameomba msamaha. Mama alisema, "Na mimi niko wapi?" Brayo alisema, "Uko njiani." Mama akasema sawa.

Dan alikuwa mkubwa, karibu kumaliza shule ya msingi, na alikuwa mwerevu. Simlaumu Dan. Nasema mapema ili mtu asije kunisingizia. Siku moja alitoka sokoni na kitabu alichokipata chini ya gunia la mtumba, kikubwa, hakina jalada, cha Kizungu, kimejaa picha za majoka na watu wa panga. Kilikuwa kitabu cha sheria za mchezo kama wetu. Hebu fikirieni. Tulidhani Tangini tumeizua sisi, kumbe Wazungu nao walikaa mahali wakaulizana mnafanya nini.

Dan alikisoma likizo yote ya mvua. Halafu akatuita. "Huu mchezo wenu ni wa kitoto," akasema. "Hauna rules. Mtu anasema tu amebeba mlima na mnakubali?"

"Aliupenda," nikasema.

"Kupenda si rule."

Akasema hatutaitupa Tangini, tutaihamisha. Tutabaki na nchi yetu, mito yetu na adui zetu, lakini kila mtu atahamishiwa kwa sheria mpya. Tulifurahi, sitawadanganya. Tulijiona wakubwa. Dan alikata vipande vya plasta, akatubandikia chini ya vifuniko, na kwa kila plasta akaandika kwa biro: Nguvu, Akili, Bahati, Uhai. Namba zilitoka kwa dadu ya ludo. Ulitupa, akajumlisha, ndivyo ulivyo sasa.

Kuhama kulikuwa kazi. Mimi kuongea na mito kukawa Akili kiasi fulani, na mto ungenisikia nikipata namba kubwa tu. Jebet akauliza, "Na kunusa uongo?"

Dan akapekua kitabu. "Haiko."

"Haiko aje?"

"Haiko. Nimekupatia Akili nyingi, ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, wewe," Jebet akasema. Lakini alibandika plasta.

Brayo alitupa dadu akapata Nguvu kidogo kuliko sisi sote. Aliangalia ile namba akauliza kama ni yake peke yake ama ni ya kuanzia tu. Dan akamwambia atakua.

Tukabaki na kifuniko chekundu. Dan akakizungusha kwa vidole. "Huyu ni shida. Kwa rules mpya kila mhusika ana mchezaji wake, na akiitwa anaitika mwenyewe. Mambo ya yuko njiani hakuna."

"Mama alisema tumwite," Brayo akasema.

"Sijamtoa. Tutamtupia dadu tu, zamu kwa zamu."

Wiki hiyohiyo Ijumaa ilifika na simu haikulia. Tulikaa tumeizunguka kama jiko. Anti aliiangalia, akaigeuza uso chini. "Network ya huko mbaya," akasema.

Jebet alikuwa mlangoni ameleta maziwa. Alikunja pua vile alivyofanya Tangini. "Naskia harufu," akaninong'onezea.

Dan akamsikia, akacheka. "Hiyo nguvu uliacha. Sasa uko na Akili."

Jebet akanyamaza. Nimefikiria kunyamaza kule mara nyingi kuliko harusi yangu. Mtoto alijua. Pua yake ilimwambia kweli tupu, kwamba mtu mzima anatudanganya, na akajiambia hiyo nguvu ameshaiacha.

Siku chache baadaye tulicheza karibu na mto mkubwa. Joka lilikuwa ng'ambo. Tulikwama, na zamani Daraja angelala chini tukapita. Dan akasema sawa, Daraja analala, lakini lazima dadu iseme kama atahimili. "Nani anamtupia?"

"Mimi," Brayo akasema. "Mimi niko na mkono mzuri."

Alipuliza dadu. Aliisemesha kitu sikusikia. Akatupa juu ya jiwe, ikaruka mara mbili, ikalala. Moja.

Dan akaangalia kitabu, kwa haki kabisa, kidole chini ya mstari. "Daraja amekatika. Uhai wake umeisha."

"Anakuja kukaa kwa jiwe," Brayo akasema.

"Jiwe halipo kwa hizi rules."

"Basi mimi nambeba."

"Nguvu zako hazifiki."

"Lakini nampenda!"

"Brayo. Amekufa, amekufa. Tunaendelea."

Akakitia kile kifuniko chekundu mfukoni. Jioni alifunga mchezo kwa kusoma majina kwenye plasta zilizobaki, na Daraja hakumwita. Tukanawa mikono.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Na nyingine. Na nyingine tena.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mimi nilikosea kusoma. Brayo alianza kukaa juu ya jiwe. Akitoka shule ya nasari anaenda moja kwa moja, anakalia upande mmoja, kando ameacha nafasi, midomo inacheza. Mimi nikadhani amemnunia Dan. Nilimwambia, "Wacha kuringa, kuja ule." Anti akasema ni kichwa ngumu, ametoa kwa baba yake. Wanawake waliokuja kufua walimwambia toka, wewe mtoto, tufanye kazi, na yeye akasogea kidogo akarudi. Mvua ya huku mnaijua, ile ya mchana ya baridi inayokuja na mawe. Alikaa ndani yake. Anti alimtoa kwa mkono mmoja, akamchapa kwa mwingine. Alishikwa na kifua mpaka akalazwa, na hata kule wodini, Anti alisema akicheka kwa aibu, mtoto anauliza kama kitanda kinaweza kupelekwa chini ya tangi.

Watu wazima walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu wao walicheka.

Mama alirudi. Sijui ilikuwa baada ya muda gani. Kwa mtoto ilikuwa kama maisha mengine. Alirudi amekonda, na mfuko mmoja wa plastiki, na alama ya pasi kwa mkono, ya pembe tatu, ambayo hakuna mtu anayejichoma hivyo kwa bahati mbaya. Ploti nzima ilipiga vigelegele. Brayo alijificha nyuma ya mlango. Mama alipomvuta, alimuuliza jambo moja, kwa sauti ndogo: "Nani alikuita?"

Mama alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya huko alikotoka. "Hakuna aliyeniita, baba. Nilitoroka."

Mama hakucheza tena Tangini. Alinawa mikono sana, hata bila kugusa kitu. Sikuwahi kumwona tena akifua kwa lile jiwe, na siku hizi yuko nyumbani upande wa Webuye, anauza mboga, na ukimtajia Uarabuni anasema chai imepoa.

Haya. Turudi Jumamosi.

Anti Rose alitutolea viti uani, akampa Precious andazi, akaanza. "We Nekesa bado una nguvu. Usiogope. Mama yako alienda na akarudi. Si mlikula? Si mlisoma? Huyu mtoto nitakaa naye kama wangu. Toa kitambulisho."

Nikakitoa. Nikampa. Bwana yangu hajaonekana tangu Precious aanze kutembea, chumba ninachokaa kinavuja, na nimechoka. Sikuja hapo kama mjinga.

Kelele ya kukata chuma ikanyamaza. Brayo aliteremka ngazi akavua miwani ya kazi. Ana mwili sasa, Brayo, mabega kama mlango. Alienda akakaa juu ya jiwe. Upande mmoja. Kando ameacha nafasi.

"Anti," akasema, "wewe unajua kwa nini nilikuwa nakaa hapa?"

"Kichwa ngumu," Anti akasema, akicheka.

"Nilikuwa namwita. Mimi ndiye nilitupa dadu. Nilipata moja, Mama akakatika, simu ikanyamaza. Nilijua nimemuua. Nikasema nikikaa hapa kwa zile sheria za kwanza, nikiita sana, ataitika." Alifuta uso kwa mkono mweusi, akauchafua zaidi. "Nilipokuwa wodini nilijua nikifa pia ni sawa, tumelipana. Mama aliporudi akasema hakuna aliyemwita. Nikajua basi hakunisikia. Nimekaa na hiyo."

Tangi lilikuwa linatona.

"Watoto mnashika vitu vya ajabu," Anti akasema.

"Anti," nikasema. "Ulijua simu imechukuliwa?"

Akamsogezea Precious kiti.

"Nakuuliza. Ulijua?"

"Kuna msichana wa huku aliyekuwa karibu naye alipiga. Akasema wamemchukulia simu na paspoti, wamemfungia. Mlikuwa watoto, Nekesa. Ningewaambia nini? Nilikuwa nalia bafu nikitoka napika. Ningewaambia nini?"

"Hivyo. Ungetuambia hivyo. Mama amefungiwa na watu wabaya. Tungelia, tungejua ni watu, si dadu!"

"Ungeweza kubeba hiyo, wewe? Ukiwa hivyo?" akanionyesha kwa mkono, urefu wa Precious.

"Huyu alibeba kifo cha Mama! Na ukamchapa!"

Precious alianza kulia. Majirani walitoa vichwa. Sijali. Nimelelewa niheshimu wakubwa na Anti Rose alitulisha, namshukuru kwa kila sahani, na bado nilikuwa tayari kumrushia kiti. Nyote mnaosema watoto hawaelewi, watoto hawakumbuki, watazoea: nyamazeni. Hawakosi kuelewa. Usipowapa ukweli wanajitengenezea mwingine, na huo wanaojitengenezea daima wanajiweka wao katikati, na mkono wao ndio umeshika dadu.

Nilinyoosha mkono. "Nirudishie kitambulisho."

"Na utakula nini?"

"Sijui. Nirudishie."

Alikirudisha. Nilimhurumia, na hiyo ikanikasirisha pia.

Nikaenda nikakaa kwa ile nafasi kando ya Brayo. Jiwe lilikuwa baridi vilevile. Nilitoa simu nikampigia Mama, nikaweka sauti kubwa. Nilisikia soko, kuku, mtu akibishana bei ya mboga ya sukuma.

"Nekesa? Kuna nini? Mtoto ni mgonjwa?"

Nilimpa Brayo simu. Aliishika kwa mikono yote miwili. Nikamgusa bega.

"Daraja," akasema.

Soko liliendelea. Kuku aliendelea. Kisha tukamsikia Mama akisogea, kelele ikapungua, kama mtu aliyeingia nyuma ya kibanda. Alikuwa analia, na alikuwa anajaribu sauti isiwe ya kulia.

"Nimerudi," akasema.

Brayo akainama mpaka paji likagusa magoti.

"Nimerudi, baba. Nilikuwa nasikia. Kule ndani, nilikuwa najua mnaniita jioni. Hakuna siku sikuitika."

Sijui kama ni kweli. Jebet angenusa. Mimi sina pua hiyo, na kwa mara hii moja sikuitaka.

"Nani bado?" Mama akauliza.

Precious alikuwa amesimama mbele yetu, machozi na andazi usoni, anaangalia viatu vyake vya kanisa vilivyoingia matope. Nilimvuta nikamkalisha mapajani.

"Hakuna, Mama," nikasema. "Tuko wote. Mimi siendi mahali. Funga."

"Basi mchezo umefungwa," Mama akasema. "Nendeni mnawe mikono."

Tukaenda kwa mfereji wa bomba, mimi, Brayo na mtoto. Mikono ya Brayo ilitoa maji meusi, meusi, na alinawa mpaka yakaja meupe.